Nakshi za Kununua Si Ufundi

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila ninapowasikia wenzangu wakizisifu roboti za plastiki za kuunganisha kwa kuhesabu vipande vyake. "Hii ina vipande vingi kuliko ile," husema, na hukumu imekwisha. Napinga kigezo hicho. Nadai kwamba anayeipima roboti ya aina hiyo kwa wingi wa nakshi zake hampimi aliyeiunganisha, bali anaipima kalibu ya kiwandani na mfuko wa aliyelipa.

Historia inatuonyesha nakshi hizo zilitoka wapi. Mwaka 1979 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha katuni ya Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, na roboti zake zikabuniwa na Kunio Okawara. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai ilitoa modeli ya kwanza ya roboti hiyo kwa uwiano wa 1/144, ikauzwa yeni 300. Aliyeinunua alihitaji gundi, na akitaka rangi zifanane na za kwenye katuni, alipaka mwenyewe. Miaka 30 baadaye, mwaka 2010, kampuni hiyohiyo ilianzisha seti za Real Grade kwa uwiano uleule. Gundi haikuhitajika tena. Plastiki ilikuja na rangi zake, na fremu ya ndani ilitoka kiwandani ikiwa na viungo vinavyojikunja tayari. Kazi kubwa iliyokuwa mikononi mwa mwunganishaji ilihamia kwenye kalibu. Sisemi kwamba hilo ni baya. Ni ufundi wa hali ya juu. Ninachouliza ni hiki: ni ufundi wa nani?

Mimi mwenyewe nimeunganisha seti ya uwiano huo, ya kampuni nyingine ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa ugomvi wangu ni na kigezo, si na kiwanda. Ilinichukua jioni sita. Baadhi ya vipande ni vidogo kuliko punje ya mchele, navyo hushikwa kwa kibano. Kila kipande hukatwa mara mbili kutoka kwenye kijiti kinachokishikilia: kwanza kwa mbali kidogo, kisha karibu, halafu kisiki kinachobaki husuguliwa kwa msasa. Anayekata mara moja kwa pupa huacha doa jeupe kwenye plastiki. Hapo ndipo mkono wa mtu unapoonekana, na hapo ndipo pa kumpima.

Lakini katika maonyesho madogo tuliyoyafanya chuoni, doa hilo halikuwa na alama. Alama zilikuwa za "wingi wa vipande" na "mwonekano". Roboti iliyoshinda ilikuwa na vibandiko zaidi ya mia moja. Ilipoinuliwa kupigwa picha, mkono ukaanguka mezani. Iliyoshika mkia ilikuwa ya mwenzetu aliyemudu seti rahisi ya vipande vichache. Aliisugua, akaipaka rangi kwa brashi mpaka ikafanana na chuma kilichopigwa na mvua miaka mingi. Ukiikunja goti, linabaki lilivyokunjwa. Ile ya kwanza ilinunuliwa. Hii ya pili ilitengenezwa. Sisi tukaituza iliyonunuliwa.

Watetezi wa nakshi husema kwamba zinaleta uhalisia. Basi tuzipige hesabu. Kwenye katuni, Gundam ina kimo cha mita 18. Kwa uwiano wa 1/144 inakuwa sentimita 12.5. Chukua mfereji wa upana wa milimita 0.3 uliochongwa kifuani. Ukiurudisha kwenye mashine kamili, unakuwa ufa wa zaidi ya sentimita 4. Nani angeijenga mashine ya vita yenye nyufa za kupitisha vidole viwili mwili mzima? Kibandiko chenye unene wa milimita 0.1 nacho kinakuwa bati la unene wa zaidi ya sentimita 1.4 lililobandikwa juu ya silaha. Kadiri modeli inavyokuwa ndogo, ndivyo uhalisia unavyodai kuacha, si kuongeza. Aliyeviacha nusu ya vibandiko kwenye karatasi yake amefanya uamuzi. Aliyevibandika vyote amefuata maelekezo tu.

Wapo watakaojibu kwamba vipande vingi hufundisha subira. Nakubali kwamba subira inahitajika, ila haionekani kwa kuhesabu vipande. Inaonekana pale vilipokatwa. Wengine watasema nakshi ndiyo starehe yenyewe. Na wastarehe, kwani starehe haihitaji alama. Tena wapo wakubwa wetu wanaoona kwamba haya yote ni mambo ya kitoto. Hao nawaomba wawatazame watoto vizuri. Mtoto anayekunja waya akatengeneza gari hapimwi na wenzake kwa idadi ya waya alizotumia. Wanalichukua na kulisukuma barabarani. Likikata kona bila kupinduka, amefaulu. Waamuzi hao wa miaka tisa wametushinda sisi wa chuo.

Kwa hiyo napendekeza vigezo vinne. Kwanza, roboti isimame kwa miguu yake bila kuegemezwa. Pili, ishikwe na kukunjwa goti, kiwiko na kiuno, pasianguke kitu wala kiungo kisilegee. Tatu, itazamwe kwa karibu mahali vipande vilipokatwa. Nne, aliyeiunganisha aulizwe ameongeza nini, ameacha nini, na kwa nini. Idadi ya vipande isipewe alama hata moja, kwa sababu hiyo imeshalipiwa dukani.

Nayasema haya kwa wenzangu na pia kwa wahadhiri wetu, ambao kila siku wanatuonya kwamba insha haiwi bora kwa kurundika misamiati migumu. Wanajua tofauti ya sentensi iliyopambwa na sentensi iliyosimama. Basi waitumie tofauti hiyohiyo mezani kwa waamuzi. Kwetu seti hizi huagizwa kutoka nje, na zenye nakshi nyingi ndizo za bei kubwa. Karatasi ya alama ikibaki ilivyo, mshindi atajulikana kabla kisanduku hakijafunguliwa, na mwenzetu yule wa brashi hatakuwa na sababu ya kurudi. Naomba ibadilishwe kabla ya maonyesho yajayo.