Sikio la kufa, kweli halisikii dawa

Msomaji unayesaga unga kwenye kinu cha posho, unayefua mabati jua kali, au unayeshinda ndani ya matatu yenye muziki wa kutikisa vioo hapa Nakuru, acha kununua matone ya masikio ovyo. Matone hulainisha nta tu. Ndani kabisa, katika kijumba kilichojikunja mfano wa konokono, kuna seli zenye vinyweleo zinazopeleka sauti kwenye neva. Zikifa kwa kelele, kwa uzee au kwa dawa kama gentamaisini na streptomaisini, hazioti tena.

Dalili ni kusikia mtu akizungumza bila kushika maneno, hasa penye watu wengi, na masikio kuvuma usiku. Nenda upimwe. Uziwi wa ghafla usiulaze hata siku moja: steroidi hufaa zaidi katika majuma mawili ya kwanza.

Aliyekwisha kupoteza usikivu anahitaji kifaa cha kusikia, na jamaa wa kumtazama usoni wakizungumza, si kumpigia kelele. Ajabu, miwani twaivaa kwa maringo, kifaa cha sikioni twakificha! (Bei yake, nakubali, huumiza.)

Waajiri sina huruma nao. Kanuni za kelele kazini za mwaka wa 2005 haziruhusu wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku. Bado nawaona vijana wakijiziba kwa pamba, ambayo haizuii lolote la maana. Mdai mwajiri wako vizibo halisi, na upimwe masikio kabla hujaanza kuuliza, "Umesemaje?"