Kifurushi Kimoja, Bando Sitini

Hapa chuoni ukitaja vifurushi, kila mtu anawaza bando. Kwa sisi tunaotumia Linux neno hilo lina kazi ya pili: programu zetu nazo huja zimefungwa kwenye vifurushi. Shida ni kwamba vifurushi hivi vinakula vile, na anayelipa ni mwanafunzi.

Mwalimu akisema wiki ijayo kila mtu aje na R kwenye kompyuta yake, mwenye Debian anaandika amri moja tu: sudo apt install r-base. Apt yenyewe inatafuta kila kinachohitajika, inakipakua na kukipanga mahali pake. Debian 12, iliyotoka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000. Vyote ni bure. Huhitaji programu ya wizi iliyojaa virusi kwenye flashi ya mshkaji. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni hesabu. Tuseme mzigo ni MB 200. Darasa la watu 60 linavuta GB 12 za kitu kilekile. Utasema Wi-Fi ya chuo ipo. Ipo, ila mchana njia ya kwenda intaneti inajaa, kwa hiyo watu wanarudi kwenye bando. Asiye na hela anachungulia skrini ya jirani, kisha anaingia mtihani wa vitendo bila kufanya zoezi hata moja.

Dawa ipo. Chuo kiweke seva moja yenye apt-cacher-ng, ambayo nayo ni programu huria. Wa kwanza akipakua, nakala inabaki kwenye seva. Wale 59 wanaichukua humuhumu ndani, bila kugusa intaneti. Hata kompyuta ya zamani yenye diski ya kutosha inaiweza kazi hiyo.

Wapo wanaohofia kwamba nakala ya chuoni inaweza kuchezewa. Wasihofu. Orodha ya vifurushi hutiwa saini ya kidijitali na Debian wenyewe, na kila kifurushi kina alama yake humo. Kompyuta yako ndiyo inayokagua. Kifurushi kikibadilishwa hata kidogo, alama hazilingani na apt inakikataa.

Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kila muhula mnadai maji na umeme hosteli, na mnafanya vizuri. Safari hii ongezeni na hili kwenye orodha. Mwanafunzi asifeli somo kwa sababu bando lake liliisha.