Fomu Kwanza, Sanduku Baadaye
Kijana wa kwetu Rubona, Rwanda, akipata nafasi ya kusoma muhula Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nyumbani huanza hesabu ya makoti na tiketi. Naomba waanze na fomu DS-2019. Hutolewa na mdhamini wa mpango, mara nyingi chuo chenyewe. Bila hiyo hakuna viza ya J-1, na ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni), dola 220, hulipwa kabla ya mahojiano ubalozini Kigali. Halafu majina, jambo linalonisumbua zaidi: kwetu Rwanda mara nyingi baba na mwana hawana jina moja la ukoo, basi barua ya benki ya mzazi anayegharamia masomo iambatane na cheti cha kuzaliwa. Bima ya afya nayo ni sharti, isiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Mituweli, bima ya afya ya jamii ya huku, haifiki huko.