Mtu Wetu, Lami Yetu

Barabara zilizompeleka Ferdinand Waititu gerezani haziko mbali na hapa. Tenda iliyosomwa mahakamani ilikuwa ya kuzigeuza barabara za changarawe ziwe za lami katika kaunti ndogo za Thika, Ruiru, Juja, Limuru na Gatundu Kaskazini, kwa takriban shilingi milioni 588. Msomaji anayeshuka matatu Makongeni au Kimbo, kisha akamalizia safari kwa bodaboda, anazijua barabara za aina hiyo kwa mgongo na kiuno chake. Hahitaji wakili wa kumfafanulia. Ajabu ni kwamba tangu hukumu itolewe, wanasiasa wetu wamezungumza juu ya kila kitu isipokuwa barabara.

Tuanze na yaliyo kwenye rekodi. Tarehe 12 Februari 2025, Hakimu Mkuu Thomas Nzioki wa mahakama ya kesi za ufisadi, Milimani, alimpata na hatia gavana huyo wa pili wa Kiambu. Kesho yake akamhukumu kifungo cha miaka 12 au faini ya shilingi milioni 53.5, na kumzuia kushika wadhifa wa umma kwa miaka 10. Hakuwa peke yake kizimbani: mkewe, pamoja na aliyekuwa afisa mkuu wa barabara wa kaunti na wakurugenzi wa kampuni iliyopewa kazi, nao walipatikana na hatia. Hesabu yenyewe haina mafumbo. Kaunti iliipa tenda kampuni ya Testimony Enterprises, kampuni ikalipwa, na shilingi milioni 25.6 zikamrudia gavana kupitia biashara zake mbili, Saika Two Estate Developers na Bienvenue Delta Hotel. Sheria ya 2003 ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi inaagiza faini ya lazima ambayo ni mara mbili ya faida aliyoipata mkosaji, ndiyo maana faini ikazidi fedha alizopokea. Alikata rufaa, na hiyo ni haki yake ambayo gazeti hili halina ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na vyama.

Waititu hakuwahi kuwa yatima wa siasa. Mwaka 2008 aliingia bungeni kwa tikiti ya PNU, katika uchaguzi mdogo wa Embakasi. Mwaka 2013 TNA ilimsimamisha kuwania ugavana wa Nairobi, akashindwa na Evans Kidero. Miaka miwili baadaye chama cha JAP kikampa tikiti ya Kabete. Mwaka 2017 alimbwaga William Kabogo katika mchujo wa Jubilee, akaichukua Kiambu. Kufikia 2022 alikuwa akimpigia kampeni William Ruto upande wa UDA. Kila chama kilijua kinampokea nani. Huyu ndiye gavana aliyependekeza mto uhamishwe ili jengo lililosimama ukingoni lisibomolewe. Sisi tunaoishi kati ya Chania na Thika tulicheka, halafu tukampigia makofi vilevile.

Aliposhtakiwa Julai 2019 na kuzuiwa kukanyaga ofisi yake, Jubilee ilipata nafasi ya kusema neno kama chama. Badala yake ilisema kama makambi mawili. Tangatanga, kambi ya Naibu Rais wa wakati huo, Ruto, walidai anaandamwa kwa sababu ya urafiki wake naye. Kieleweke, kambi ya Rais wa wakati huo, wakagundua ghafla kwamba ufisadi ni mbaya. Bunge la kaunti lilimng'oa Desemba 2019, na tarehe 29 Januari 2020 Seneti ikakubali kwa kura 28 dhidi ya 11. Wandani wa Ruto walimtetea. Wandani wa Rais Uhuru Kenyatta na wa Raila Odinga walitaka aende. Upinzani, ambao kazi yake ilikuwa kudai hesabu ya milioni 588, ulikuwa umeshikana mikono na serikali tangu Machi 2018. Basi swali la ufisadi likapigiwa kura kana kwamba ni swali la nani atarithi Ikulu, na kwa kweli ndivyo lilivyokuwa.

Leo upepo umegeuka. Seneti ilimwondoa Rigathi Gachagua katika unaibu wa rais Oktoba 2024, na Mei 2025 akazindua chama cha DCP. Jubilee nayo iko nje ya serikali. Mlimani, na hasa huku kwetu, kuisema serikali vibaya ndiyo njia fupi ya kupata sikio la watu sokoni. Kwa hiyo tunapoandika juu ya upinzani katika toleo hili hatuandiki juu ya watu wa mbali wanaopiga kelele Nairobi. Huenda hao ndio watakaogawa tenda za barabara za Thika na Ruiru baada ya Agosti 2027. Tunataka kujua mapema watafanya nini siku mtu wao atakapopatikana na hatia, kwa sababu siku hiyo itafika. Kila chama cha Kenya, ama imekwisha kukifikia au kinaisubiri.

Jibu la kawaida tunalifahamu: mtu wetu anaonewa, kesi ni siasa. Nisingependa kulidharau, maana lina mizizi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 za Gachagua zitwaliwe na serikali. Ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai, naye akasema ni siasa na akakata rufaa. Lakini alikuwa pia na kesi ya jinai ya zaidi ya shilingi bilioni 7. Ukafanyika uchaguzi, akawa Naibu Rais, na Novemba mwaka huohuo kiongozi wa mashtaka akaiondoa kesi hiyo, kukiwa na maelezo ya mpelelezi kwamba alishurutishwa kuiandaa. Chukua upande wowote unaoutaka. Kama mpelelezi alisema kweli, basi mashtaka nchini hutungwa kwa amri ya wakubwa. Kama hakusema kweli, basi mashtaka nchini hufa mshtakiwa anapoingia serikalini. Kwa vyovyote vile, mwanachama wa upinzani anayeitazama mahakama kwa jicho la pembeni hajalogwa.

Hata hivyo shaka hiyo inajibu swali moja tu: kwa nini huyu ameshtakiwa na yule hakushtakiwa? Haijibu la pili: fedha zilipita wapi? Mtu anaweza kuandamwa kisiasa na bado awe alipokea milioni 25.6 kutoka kwa mkandarasi wa kaunti yake. Mambo hayo mawili hayagombani. Yanaweza kukaa katika faili moja bila kusukumana. Chama kinachojibu la kwanza kwa sauti ya juu na kulinyamazia la pili kinamtaka mpiga kura wa Gatuanyaga alipe mara mbili, kwanza kwa kodi, kisha kwa kura.

Majirani wametupa mfano unaosaidia kupambanua. Machi 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwapata na hatia Freeman Mbowe na viongozi wenzake wa chama cha upinzani cha CHADEMA kwa makosa ya uchochezi na mikusanyiko, ikawatoza faini ya jumla ya shilingi milioni 350 za Tanzania au kifungo cha miezi mitano. Wanachama walichanga, wakawatoa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Ule mchango ulikuwa wa heshima, kwa sababu viongozi wale walikuwa wamehukumiwa kwa kazi ambayo wanachama ndio waliowatuma. Waliwatuma wapaze sauti, wakapaza. Lakini nani aliyemtuma gavana apokee fedha za mkandarasi? Ukimchangia huyo, unachangia nini hasa?

Ulaya nako si kusafi. Tarehe 31 Machi 2025 mahakama ya Paris ilimpata na hatia Marine Le Pen, kinara wa upinzani wa mrengo wa kulia Ufaransa, kwa matumizi mabaya ya fedha za Bunge la Ulaya. Alipewa miaka minne, miwili kati yake ikiwa imeahirishwa, na marufuku ya papo hapo ya miaka mitano kugombea. Chama chake kilisema demokrasia imenyongwa, na wiki hiyohiyo kikaita wafuasi barabarani. Mwaka 2013 ni Le Pen huyohuyo aliyetaka wanasiasa wenye hatia kama hiyo wafungiwe maisha yao yote. Mkuki kwa nguruwe.

Kongo inatuhusu zaidi, maana wasomaji wetu wa Kiswahili wako kule pia. Augustin Matata Ponyo, mtu wa Maniema, waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016 na baadaye kiongozi wa chama cha upinzani cha LGD, alihukumiwa Mei 2025 na Mahakama ya Katiba miaka 10 ya kazi ngumu kwa fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, zaidi ya dola milioni 200. Upande wake ulisema ni siasa, na kwamba yeye ni mbunge ambaye kinga yake haikuondolewa. Hoja ya kinga si ya kipuuzi. Hata spika wa wakati huo, Vital Kamerhe, aliishikilia. Kamerhe naye, kinara wa chama cha UNC, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020 kwa ubadhirifu, akafutiwa kesi 2022, na kufikia 2024 alikuwa amekalia kiti cha spika. Baada ya yote hayo shamba la Bukanga-Lonzo, lililokusudiwa kulisha Kinshasa, bado halijailisha Kinshasa. Utaona kwamba mradi ndio hupotea wa kwanza katika mazungumzo, kila mahali.

Kibarua wa kiwanda hapa Thika akishukiwa kutoka langoni na mtungi wa mafuta ya kupikia, anasimamishwa zamu hiyohiyo, na hakuna mkutano wa hadhara unaoitwa kumtetea. Simaanishi kwamba anavyotendewa ni haki. Mara nyingi si haki hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kati ya kusimamishwa kwa saa moja na kuachwa kwa miaka mitano na nusu, tangu mashtaka ya 2019 hadi hukumu ya 2025, pana nafasi kubwa ambayo chama chenye akili kingeweza kuijaza kwa kanuni.

Katiba haitaijaza. Sura ya Sita inazungumza vizuri juu ya uadilifu, lakini vifungu vya 99 na 193 vinasema mtu hazuiwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe. Kinga hiyo ni nzuri, kwani hakimu wa kwanza hukosea. Lakini imegeuzwa mlango wa nyuma. John Waluke, mbunge wa Sirisia, alipatikana na hatia Juni 2020 katika kesi ya mahindi ya Bodi ya Nafaka, akapewa kifungo cha miaka 67 au faini kubwa mno. Jubilee ilimpa tikiti, akashinda uchaguzi wa Agosti 2022, rufaa ikiwa bado. Wiper nayo ilimkabidhi Mike Sonko bendera yake ya ugavana wa Mombasa mwaka huohuo, ingawa Seneti ilikuwa imemwondoa katika ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Ilibidi Mahakama ya Juu iseme hapana, Julai, wiki chache kabla ya kura. Katika visa vyote viwili sheria iliulizwa kama mtu anaweza kugombea. Hakuna aliyekiuliza chama kwa nini kinataka agombee.

Ninachopendekeza si kumtosa mtu kwa sababu adui amemshtaki. Anaposhtakiwa kwa fedha za umma, akae kando na uongozi wa chama huku akitetewa na mawakili wake, si na jukwaa. Akipatikana na hatia, chama kisome hukumu yote na kiseme hadharani ni sehemu gani kinaipinga na kwa ushahidi gani. Kama hakina la kusema juu ya fedha, kikiri. Tikiti asipewe mpaka rufaa imsafishe, na ikimsafisha arudishwe kwa shangwe, bila kinyongo. Wataniambia chama kitakachofanya hivyo peke yake kitakuwa kimejifunga mikono huku wapinzani wake wakirusha ngumi. Huenda. Kitapoteza wagombea wachache wenye fedha nyingi, na katika kura za mchujo za Kiambu fedha si jambo dogo. Lakini chama kinachopokea mgao wa Hazina ya Vyama vya Siasa, ambayo kisheria hutengewa angalau asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kinakula kodi yetu pia, na hakiwezi kujibu kwamba nidhamu yake ni siri ya nyumbani.

Kuna tarehe za kuzingatia. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na Sheria ya Uchaguzi inakitaka kila chama kuwasilisha kanuni zake za uteuzi kwa IEBC angalau miezi sita kabla ya kuteua wagombea. Tutaviandikia vyama vyote vinavyosaka kura Thika na Ruiru, vya upinzani na vya serikali, kuomba nakala ya kanuni hizo. Kifungu kinachohusu mgombea aliyepatikana na hatia ya ufisadi tutakichapisha kama kilivyo, neno kwa neno, na pale ambapo chama hakina kifungu hicho tutaacha nafasi tupu chini ya jina lake.