Tuliomaliza Contra Ndio Tuliotia Saini

Lipo kundi la marafiki niliosoma nao ambalo kila Jumamosi hurushiana picha kwa simu. Leo Mario akiruka bomba la kijani, kesho Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, keshokutwa vijana wawili vifua wazi wenye bunduki, ambao kila mtu wa rika langu huwatambua bila kuambiwa kuwa ni wale wa Contra. Chini ya kila picha hufuata ombolezo lilelile: watoto wa siku hizi hawana utoto, sisi tulicheza.

Aliyerusha picha ya Contra juzi ni ofisa katika halmashauri moja nisiyoitaja. Miongoni mwa karatasi zinazopita mezani pake ni leseni za maduka na baa ambazo, nyuma yake, kumesimikwa zile mashine za kuzungusha picha za matunda zinazoitwa dubwi. Nilimuuliza kama anaona uhusiano wowote kati ya picha aliyorusha na karatasi anazozigonga mhuri. Akajibu kwa alama ya kicheko. Makala hii ni jibu langu kwa kicheko hicho.

Nianze na ungamo. Nilipokuwa darasa la nne, hapa Mtinko, niliiba mayai ya mama. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika nchi nzima, nasi watoto tulijua thamani yao mapema: mayai mawili kwa muuza chai yalikuwa sarafu, na sarafu ilikuwa roho tatu ndani ya kibanda cha gemu. Umeme wa gridi ulikuwa bado hadithi ya mjini. Kibanda kiliendeshwa kwa jenereta, na jenereta iliwashwa siku za mnada tu. Televisheni ilikuwa moja, inchi kumi na nne, na mbele yake mashine ya Kichina iliyonakiliwa kutoka Famicom, ile ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti iliandikwa kwa majivuno kwamba ina gemu 9999. Ukihesabu kwa makini, zilikuwa kama saba, zikirudiwarudiwa kwa majina tofauti. (Baadaye, nikisoma taarifa za utekelezaji wa miradi katika ofisi kadhaa, nimeikumbuka kaseti ile mara nyingi.)

Contra, iliyotengenezwa na kampuni ya Konami, ilikuwa na steji nane. Risasi moja ilitosha kukuua. Steji ya tatu ni maporomoko ya maji, mnapanda kutoka jiwe hadi jiwe, wawili pamoja. Hapo palikuwa na kanuni moja katili: skrini humfuata aliye juu, na aliyebaki chini hutoweka nayo na kufa. Ukimkimbia mwenzako, umemuua. Tuligombana sana kwa ajili ya maporomoko yale, watoto wa wakulima wa alizeti na mtama, hadi tukajifunza kusubiriana. Hakuna mwalimu aliyetufundisha. Aliyecheza vibaya leo alicheza vizuri zaidi mnada uliofuata, na kijiji kizima cha watoto kilijua nani amefika wapi. Mwenye kibanda alipata fedha yake, nasi tulibaki na kitu: mikono yetu ilikuwa imejua jambo ambalo jana haikulijua.

Sisemi kibanda kilikuwa pepo. Tulitoroka shule, tulikaa gizani na watu wazima wavuta sigara, na mama yangu alikuwa na haki zote za kunichapa kwa mayai yake. Wazazi walikichukia kibanda, na walikuwa na hoja. Lakini ninyi mliochapwa pamoja nami mnajua kwamba hoja ile haikuwa nzima.

Dola yetu, kwa upande wake, imekuwa na historia ndefu ya kuogopa burudani ya vijana. Mwaka 1969 Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU iliwaandama wavaa sketi fupi na suruali za kubana. Kabla mwaka haujaisha, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Zanzibar walitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970 ilhali Bara tulisubiri hadi 1994. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka jicho la mkaguzi juu ya kila kinachoonyeshwa, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimfanya kijana asiye na kazi inayoonekana awe mtu wa kukamatwa. Mabanda ya video, yale ambamo Lufufu na wenzake walitutafsiria sinema za ugenini kwa Kiswahili chenye chumvi, yalikulia katika kivuli cha mashaka hayo. Unaweza kuyalaumu mengi katika sera zile, nami huyalaumu darasani. Walau zilikuwa na wazo nyuma yake: kwamba akili ya kijana ni jambo la umma, na anayeichezea anapaswa kujieleza.

Kisha mashaka yale yakayeyuka, na yakayeyukia mahali pa ajabu. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikaundwa Bodi ya kuisimamia. Mwaka 2017 Sheria ya Fedha ilihamishia ukusanyaji wa kodi za michezo hiyo kwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka huohuo kampuni ya ubashiri, SportPesa, ikawa mdhamini wa Simba na Yanga kwa pamoja, jambo ambalo hata siasa haijawahi kuliweza: kuwavika mahasimu wawili jina moja kifuani. Taifa lililowahi kuogopa gitaa la James Brown halikuona tabu kumpa mtoto wa Mtinko jezi yenye tangazo la kubeti.

Nami sina ugomvi na mtu mzima anayechana mkeka wake kwa mshahara wake. Ugomvi wangu ni na dubwi, na hasa na uongo wa kuliita mchezo. Neno mchezo katika lugha yetu lina heshima. Bao ni mchezo. Mwalimu Nyerere alilicheza, na aliyeshindwa bao leo hurudi nyumbani akizipanga upya kete kichwani. Dubwi halipangwi kichwani. Mashine imewekewa kiwango cha kurudisha, na kiwango hicho daima ni pungufu ya kilichoingia, kwani vinginevyo mwenye mashine angefilisika. Tuchukue mfano tu: tuseme imepangwa kurudisha shilingi 90 katika kila 100. Mwenye shilingi 1,000 akizizungusha zote, kwa wastani anabaki na 900. Akizizungusha tena, 810. Akirudia hivyo mara saba, hafikishi 500. Hakuna ustadi unaobadilisha hesabu hiyo, wala sala, wala bahati ya jirani. Mtoto aliyecheza siku mia moja hajui zaidi ya aliyecheza siku moja. Anadaiwa zaidi, basi.

Sheria inasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Nendeni vijijini mkaone urefu wa wanaosimama mbele ya mashine. Baadhi husimama juu ya ndoo.

Mwezi uliopita nilikuja kumsalimia dada yangu. Mwanawe wa kiume, yuko darasa la sita, alikuwa ametumwa dukani na fedha ya mbegu ya alizeti, akarudi jioni na mfuko mtupu na hadithi ya wezi. Dada hakumwamini, nami sikumwamini, kwa kuwa niliwahi kusimulia hadithi hiyohiyo kuhusu mayai. Tofauti ni kwamba mayai mawili hayakumkosesha mama msimu. Mvua ilikuwa imekwisha kuanguka, na katika nchi kame kama hii ya kwetu, wiki moja ya kuchelewa kupanda haifidiwi.

Sasa nawajua wasomaji wangu, na najua watakalojibu. Watumishi wa umma mtaniambia kuhusu mapato: kwamba sekta hii inalipa kodi, inaajiri vijana, na kwamba halmashauri yenye vyanzo vichache haichagui. Ninaielewa hoja hiyo kuliko mnavyodhani. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti. Lakini kodi itokanayo na sarafu ya shilingi 200 ya mtoto wa shule ilikusanywa kwanza kutoka kwa mama yake, ambaye hakuulizwa. Wanaharakati mtaniambia kwamba kiini ni umaskini na ukosefu wa ajira, na kwamba nashughulika na dalili. Sawa. Nyoka akiwa ndani ya nyumba, hatungoji kwanza kuijenga nyumba upya. Wanafunzi wangu, ambao wengi wenu mna mikeka mifukoni mkisoma haya, mtaniambia mzee anatamani ujana wake.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa, kwa sababu lina ukweli. Kutamani ya zamani ni starehe ya bei nafuu sana. Humruhusu mtu kuwahurumia watoto wa leo kana kwamba walipotea wenyewe, kana kwamba mchezo ulikufa kwa uzee, wakati rika langu ndilo lililokaa kwenye viti: wakurugenzi, wahariri, madiwani, wabunge, sisi wahadhiri tunaochangisha makongamano kwa udhamini bila kuuliza fedha imetoka wapi. Machozi yetu kwa Contra yangekuwa na maana kama yangetufanya tumtambue mwizi tulipomwona. Sisi, kuliko waliotutangulia, tulikuwa na uwezo wa kutofautisha skrini na skrini. Wazee wetu wangeweza kusingizia kwamba hawakujua. Wao skrini zote waliziona za shetani mmoja.

Na si kwamba hatuna la kufanya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa wilayani. Kijiji kinaweza kuamua, katika mkutano mkuu wake, wapi na saa ngapi mashine za kubahatisha zisiwepo, na nani atawajibika mtoto akikutwa mbele yake. Ofisa biashara anaweza kuukataa ukaguzi wa duka ambalo chumba chake cha nyuma kina ndoo ya kupandia. Na mtoto akiondolewa pale, apewe pa kwenda. Super Mario Bros ya mwaka 1985 ilienea ndani ya kilobaiti 40. Kompyuta chakavu ambazo ofisi zetu huziacha stoo zikisubiri kufutwa kwenye vitabu zingeendesha gemu zote za utoto wetu, na bao la mti halihitaji hata umeme.

Siku ya kuondoka nilimwonyesha mpwa wangu Contra kwenye simu. Tulicheza kwa zamu, akafa haraka, akacheka, akaomba tena. Tulipofika kwenye maporomoko akasimamisha kidole.

"Mjomba, hii ina mwisho?"

Nikamwambia ipo steji ya nane.

"Lile la dukani nilimuuliza mwenye nalo," akasema. "Alinicheka."