Mume Wangu, Altezza na Matairi ya Theluji

Najua mmezoea safu hii iongelee mawifi, michango ya harusi na zile simu zinazolazwa kifudifudi mezani. Mwezi huu naomba mnivumilie, tunaingia gereji. Na wewe dada unayetaka kuruka kwenda ukurasa wa mitindo, subiri kwanza. Matairi yameshavuruga amani ya nyumba nyingi tu hapa mjini, ila wengi hawasemi kwa sababu wanaona ni mambo ya wanaume.

Sisi tunaishi Pugu Kajiungeni na wote wawili kazi zetu ziko Posta. Mume wangu ni mtu mtulivu, hanywi, hachezi kamari, mshahara anauleta nyumbani. Ugonjwa wake ni mmoja tu: Altezza. Mwaka jana akaipata ya mkononi, ile RS200 yenye injini ya lita 2, gia za mkono na nguvu za farasi 210. Toyota waliitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile changa kabisa ni mtu mzima sasa, lakini mwambie hivyo mume wangu uone atakavyonuna. Nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye lami yenye unyevu unasikia makalio ya gari yanataka kukuaga.

Gari lilikuja na matairi vipara. Yeye, akitaka kubana matumizi (na hapo nampa haki yake), akaenda mjini kwa wauza matairi ya mtumba kutoka Japani akarudi na manne. Jamani, yalikuwa mazuri! Meusi ti, meno manene, kila jino limechanwachanwa mistari myembamba kama keki iliyopitishwa wembe. Bei yake ilikuwa chini kabisa ya bei ya mapya. "Mama watoto, cheki meno hayo," akaniambia. "Haya tunamaliza nayo miaka mitatu."

Wiki ya kwanza ya masika, asubuhi, tunashuka kutoka nyumbani, mbele yetu ng'ombe wa mnadani wanavuka. Wakazi wa Pugu mnanielewa. Hatukuwa na spidi hata kidogo, labda 40. Akakanyaga breki, gari likaendelea na safari zake. Likaja kusimama ng'ombe wa mwisho ananitazama dirishani, macho kwa macho. Mimba yangu ilikuwa ya miezi sita. Baba watoto akasema barabara ina utelezi. Mimi nikakaa kimya, ila jioni nikachukua tochi ya simu nikaenda kuchuchumaa pembeni ya gari kusoma ubavu wa tairi. Hadi leo namshauri kila mwanamke mwenye gari nyumbani afanye hivyo hivyo, hata kama hajui kutofautisha shokapu na springi.

Pale ubavuni kulikuwa na mambo manne. La kwanza, mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo inawekwa kwenye tairi lililofaulu majaribio ya kuendeshwa kwenye theluji. La pili, neno STUDLESS, ambalo Wajapani huliandika kwenye matairi yao ya barafu yasiyo na misumari. La tatu, 215/45R17 87Q. La nne, tarakimu za tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: ukikuta 3719, tairi limetoka kiwandani wiki ya 37 ya mwaka 2019. Yetu yalikuwa yamefikisha miaka 11!

Sitaja kampuni iliyoyatengeneza, kwanza kwa sababu haina kosa. Tairi lile lilitengenezwa kwa ajili ya Sapporo. Kulifunga Gongo la Mboto ni kumvalisha mtu koti la sufi saa saba mchana halafu ukamshangaa anatoka jasho.

Sasa shida iko wapi, wakati meno ni manene? Shida ni mpira wenyewe. Mpira wa kawaida ukipigwa na baridi hukakamaa kama sandarusi, haushiki tena barabara. Watengenezaji wa Ulaya hutumia nyuzijoto 7 kama mpaka: chini ya hapo badilisha, vaa la baridi. Tairi la baridi limechanganywa ili libaki laini hata kwenye barafu, na ile michano myembamba ya kwenye meno ipo ili kung'ata theluji na kufyonza maji yanayoelea juu ya barafu. Lilete Dar, ambako kivulini tu ni nyuzi 30 na lami yenyewe ni kikaango. Linalainika kupita kiasi. Ukikanyaga breki, meno yanapinda na kuyumba badala ya kushika. Ukikata kona unahisi gari linaogelea. Na linalika haraka kama kifutio cha mwanafunzi wa darasa la kwanza. Halafu mpira ukizeeka unakauka, kwa hiyo lile lenye miaka 11 limepoteza hata ule ulaini wake wa kwao. Huna la baridi, huna la joto.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wetu hawalisemi. Matairi hayo ya Japani yana kijukwaa kidogo kati ya meno, kinachokuonyesha tairi likishalika nusu. Likifika hapo, kwao halihesabiki tena kuwa la theluji, hata kama kwa macho yetu meno bado yapo. Wao wanalivua. Sisi tunalisifia.

Hiyo herufi Q ndiyo iliyonipa ushindi ndani ya nyumba. Herufi ya mwisho ni spidi ambayo tairi linaweza kuhimili likiwa na mzigo wake: Q ni kilomita 160 kwa saa, T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Ile namba 87 ni uzito, kilo 545 kwa kila tairi. Gari la mume wangu kiwandani lilivalishwa saizi hiyo hiyo ya 215/45R17, lakini ya W. Akacheka. "Sasa mke wangu, 160 nitaipata wapi mimi na foleni ya Banana?"

Swali zuri, na najua wanaume wengi wanaosoma hapa wameshaliuliza kimoyomoyo. Jibu ni kwamba ile herufi inapima pia uvumilivu wa joto. Tairi linachemka kwa spidi, kwa mzigo, kwa upepo mdogo na kwa jua la nje. Na sisi kila Desemba tunakwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, watu wanne, buti limejaa mchele na zawadi, mchana kweupe. Hapo ndipo tairi la zamani la Q linapopasuka, tena la nyuma, kwenye gari ambalo nyuma ndiko kwenye nguvu. Nikamuuliza: safari hii tutakuwa na mtoto wa miezi mitano kwenye kiti cha nyuma, utaendesha kwa roho gani? Hakucheka tena.

Naomba nitoke Pugu kidogo, maana gazeti hili linafika mbali na kuna wadau wetu walioko kwenye baridi ya kweli. Kwenu ninyi hadithi inageuka. Finland ndio waanzilishi: kampuni ambayo leo ni Nokian ilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, na Hakkapeliitta ya magari madogo ikafuata 1936. Japani walikuwa wakitumia matairi ya misumari mpaka vumbi la lami iliyochimbwa likawa kero mijini. Bridgestone wakaleta Blizzak isiyo na misumari mwaka 1988, na mwaka 1990 ikaja sheria ya kuyabana yale ya misumari. Quebec, Canada, wamelazimisha matairi ya baridi tangu 2008, na sasa kipindi ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani nako barabara ikiwa na barafu au theluji, huendi popote bila tairi la mlima wenye chembe ya theluji.

Binamu yangu wa Montreal na mumewe wana Subaru WRX, na wao pia waligombana, ila kwa sababu nyingine: mume alisema gari linavuta magurudumu yote manne, halihitaji kitu. Shemeji yangu, hilo linakusaidia kuondoka tu. Kusimama ni kazi ya mpira. Kwa gari lenye spidi kuna makundi mawili ya kuchagua. Kuna yale laini ya watu wa kaskazini, kama Blizzak ya Japani, Michelin X-Ice na Hakkapeliitta R, ambayo ni mabingwa wa barafu lakini usukani unakuwa mvivu kidogo. Na kuna yale ya Ulaya ya kati, Michelin Pilot Alpin, Pirelli Sottozero, Continental WinterContact, yenye herufi kubwa za H, V hadi W, yaliyotengenezwa kwa barabara kuu iliyolowa na baridi kali, theluji ya hapa na pale. Mimi ningekuwa Stuttgart na gari la farasi 300 ningechukua hayo ya pili bila kufikiri. Montreal, ambako barafu inakaa miezi, ningemeza kiburi nikachukua ya kwanza. Na fungeni yote manne. Mawili mbele na mawili ya kiangazi nyuma ni kualika gari lizunguke kama pia. Binamu alishinda, walichukua laini, tena kwenye rimu ndogo kwa inchi moja, kwa kuwa tairi lenye ubavu mnene linavumilia mashimo na bei yake inapoa.

Kuna atakayeniuliza, je, wenzetu wa Makete na Kitulo, ambako kuna sakitu mwezi wa Juni na Julai? Baridi ipo, tena ya kung'oa meno, lakini ni ya usiku na alfajiri; jua likipanda lami inarudi kuwa lami. Kule nunua tairi zuri la mvua, na koti.

Turudi nyumbani. Hela ya matairi mapya manne haikuwepo kwenye bajeti. Kulikuwa na hela ya yeye kufunga muziki kwenye gari, na kulikuwa na hela yangu ya sofa. Tukakaa mezani usiku mmoja, televisheni imezimwa, tukaandika. Nilijizuia kumwambia "nilikwambia". Ukishampiga mwanaume kwa hoja ya herufi Q, usimpige tena kwa mdomo. Yeye akaachia muziki wote, mimi nikaachia nusu ya sofa. Jumamosi tukaenda wote wawili dukani, na hilo nalisisitiza, wote wawili, maana muuzaji alianza kwa kumgeukia yeye tu. "Bosi, hii ndiyo ya spoti." Nikamwomba anisomee tarehe. "Sista unajua matairi?" Najua kusoma, kaka.

Tulilinganisha aina tatu, zote 215/45R17. Moja ilikuwa ya bei poa lakini imeandikwa M+S, ya misimu yote. Kwetu hakuna sababu ya kuilipia misimu tusiyokuwa nayo. Ya pili ilikuwa ya spoti hasa, meno machache, mifereji michache, nzuri kwa lami kavu; mume wangu aliishika kama anashika mtoto. Nikamuuliza tu, na ule mteremko wa kutoka Kisarawe, msituni, mvua ya masika, matope ya malori barabarani? Tukachukua ya tatu: 87W, mifereji minne mipana ya kuzungusha duara zima kwa ajili ya kutoa maji, imetengenezwa miezi saba kabla. Fundi akapima mlingano, akajaza upepo kwa kufuata stika ya mlango wa dereva. Gari la Japani stika yake iko kwa kPa, kwa hiyo kama ya kwako inasema 220, hiyo ni kama psi 32. Usikubali "nimekuwekea 40 dada, ni barabara mbaya".

Yale ya zamani yakabaki kibarazani. Baada ya siku mbili nikamkuta baba watoto anaongea kwenye simu na bestimani wetu, naye ana Altezza, anauliza kama yale "yenye meno" yanauzwa. Nilisimama mlangoni na kikapu cha nguo. Mume wangu akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hayo siyauzi. Njoo Jumapili nikuonyeshe kilichoandikwa ubavuni."

Alikuja, na mkewe. Wakachuchumaa wote watatu na tochi, mimi na tumbo langu nikakaa kwenye kiti. Matatu sasa ni vyungu vya maua na moja mtoto wa jirani amelifanya bembea kwenye mwembe. Sofa nimelipata, la watu wawili.