Kompyuta za Ng'ambo: Tununue kwa Masharti

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalogusa mifuko ya wazazi wetu. Bodi ya shule pamoja na wazazi wanakusudia kununua kompyuta za mtumba kutoka ng'ambo kwa ajili ya chumba chetu cha kompyuta. Katika mdahalo wa muhula huu tuligawanyika pande mbili. Wako waliosema kwamba mitambo hiyo yote ni takataka za nchi tajiri, ifungiwe mlango. Wengine walisema ichukuliwe yoyote ile, maadamu bei yake ni nafuu. Mimi nasimama katikati. Nasema tununue, lakini kwa masharti yetu.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini tunatafutwa. Kwa mfanyabiashara wa Ulaya, nchi yetu ni soko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wengi wao ni vijana. Tena ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, hutoza kompyuta asilimia 0. Na sasa liko jambo jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya kuilinda programu ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11, ingawa zenyewe ni nzima na zaweza kufanya kazi vizuri kwa programu ya Linux isiyolipiwa. Maofisi ya huko yatazitoa, nazo hazina budi kwenda mahali fulani. Basi muuzaji ana haja nasi kama sisi tulivyo na haja naye, na mnunuzi anayehitajiwa hana sababu ya kunyamaza.

Wenzangu wanaotaka mlango ufungwe wakumbuke kwamba nchi yetu imekwisha kujaribu njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Miaka iliyofuata, mitambo ya namna hiyo haikuleta faida iliyotarajiwa katika hesabu za Serikali, na uendeshaji wake ulitegemea sana wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Siwalaumu wazee wetu, kwani walikuwa wanalinda fedha chache za kigeni. Lakini marufuku haikuzaa mafundi. Mlango ulipofunguliwa tena baadaye, ilitubidi kujifunza mambo ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyazoea.

Wale wa upande wa pili, wanaosema tuchukue chochote, nao wakumbuke methali isemayo, rahisi ghali. Taarifa ya Umoja wa Mataifa inaeleza kwamba mwaka 2022 dunia ilitoa taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa inavyotakiwa. Skrini za zamani zenye kioo kinene zina madini ya risasi ndani yake. Nyaya zikichomwa moto ili kupata shaba, hutoa moshi wenye sumu. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Basel mwaka 1989, na nchi za Afrika zikafanya wa kwao huko Bamako mwaka 1991. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za namna hii haziruhusiwi kuvuka mpaka kabla nchi inayozipokea haijatoa idhini. Sheria hiyo ni njema. Lakini mtu mjanja aweza kuziita taka zake "mtumba", akazipitisha. Kati ya mtumba na taka iko tofauti moja tu: je, kifaa chafanya kazi? Jibu la swali hilo hupatikana kwa kupima, na wa kudai kipimo ni sisi wenye fedha.

Kwa hiyo napendekeza masharti manne.

La kwanza, kila kompyuta iwe imepimwa kabla ya kupakiwa melini, na ije na karatasi ya kipimo na chaja yake. Kompyuta isiyo na chaja haina faida kuliko daftari.

La pili, zote ziwe za aina moja. Katika chumba chetu sasa ziko za aina nyingi, na moja ikifa haiwezi kuiazima nyingine kipuri. Zikiwa za aina moja, mbili zilizokufa zaweza kufufua ya tatu.

La tatu, tuchague kompyuta mpakato badala ya zile kubwa za mezani. Umeme ukikatika, ya mezani huzimika papo hapo na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Mpakato huendelea kwa nguvu ya betri. Lakini betri huchoka mapema, hasa penye joto. Basi muuzaji atuhakikishie kwa maandishi kwamba baada ya miaka mitatu atakuwa bado ana betri za kutuuzia.

La nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, pamoja na mitambo tupate ujuzi. Fundi wa chuo cha VETA aalikwe siku ya kuifungua, na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wafundishwe kubadili diski, kuongeza kumbukumbu na kusafisha vumbi. Kompyuta nzito ya zamani ikiondolewa diski yake ya kuzunguka, ikawekwa ya SSD, huenda mbio ukadhani ni nyingine. Kazi hiyo huhitaji bisibisi na mtu aliyefundishwa.

Labda mtu atasema kwamba masharti haya yatamfukuza muuzaji. Nadhani atakayekimbia ni yule tusiyemtaka. Muuzaji mwema ataona faida yake hapa, kwani shule iliyonunua mara moja ikaridhika itarudi kwake kununua betri, chaja na kibodi mwaka hata mwaka. Tena sisi si watu wa kupokea tu. Mwaka 2004, chini ya mradi wa Kilinux, programu za ofisi zisizolipiwa zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Watu walioweza kuifundisha mashine lugha yetu hawawezi kushindwa kuifungua na kuitengeneza.

Mimi ni wa kidato cha nne. Mitambo hiyo itakapofika nitakuwa nimekwisha kufanya mtihani na kuondoka, wala sitaigusa. Watakaoitumia ni wadogo zetu wa kidato cha kwanza, ambao hawakuulizwa neno katika mdahalo. Naiomba Bodi iyatazame masharti haya kabla ya kutoa fedha, kwa maana fedha zikisha kuvuka bahari, maneno yetu huku hayana nguvu tena. Na mwenzangu anayeona vingine, gazeti la muhula ujao lina nafasi, na aandike.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne